MGONJWA WA AKILI NI AMANA YA NYUMBA NZIMA

Leo twaandika juu ya jambo ambalo watu hulinong'ona tu, nalo ni hali ya ndugu zetu waliopatwa na maradhi ya akili. Na kabla ya kumlaumu mtu mwingine yatupasa tuanze na nafsi zetu, kwani sisi tunaosomesha darsa hii tumekosa.

Katika Ramadhani moja iliyopita alitujia mama mmoja pamoja na mwanawe, kijana aliyekuwa akisikia sauti za watu wasiokuwapo. Hospitali walikuwa wamekwisha kumpa dawa, naye alizitumia miezi kadha akatulia, hata akarudi kumsaidia mjomba wake dukani. Mama akatuuliza: "Maalim, mwanangu afunge? Na vidonge vya mchana je?" Hatukumuuliza tabibu. Tulimwambia afunge, aache vidonge, nasi tutamsomea. Na kweli tukamsomea kila siku baada ya Alasiri. Mwezi haukwisha illa sauti zile zimerejea. Siku ya Idi, tulipokwenda kuwapa mkono, tulimkuta amefungwa kamba mikono na miguu katika chumba cha nyuma, na majirani wanasema ni majini. Mama yake hakutulaumu hata kwa neno moja. Laiti angelitulaumu.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema, wala asije mtu akasema kuwa tumeipinga. Kosa letu ni kuiweka mahali pa dawa. Mtume wetu (s.a.w.) aliwaamrisha watu wajitibu, akaeleza kuwa kila ugonjwa una dawa yake isipokuwa uzee, wala hakuyatoa maradhi ya akili katika hukumu hiyo. Wazee wetu wa kale walilifahamu hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 wa Hijra (934), aliandika kitabu kimoja juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akapambanua baina ya huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyokuwa na sababu ya dhahiri. Na hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyokamilika mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Vipi basi sisi turudi kwenye kamba?

Wako wanaoswali Isha pamoja nasi, kisha usiku huohuo wakaenda kwa mganga na mbuzi; hao twawajua, nao wanajijua. Walakini hata juu ya waganga tuna la kujifunza. Jirani zetu wa Makueni, katika kazi iliyoongozwa na Profesa David Ndetei na wenziwe, waliwakutanisha wauguzi, wahudumu wa afya wa vijijini, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini, wakawafundisha kuzitambua alama za maradhi haya na kumpeleka mgonjwa kituo cha afya. Ikiwa mganga ameweza kukaa akafundishwa, maalim ataona haya gani?

Sasa tuje nyumbani, kwani huko ndiko mgonjwa anakokaa siku zake nyingi. Katika Suratun-Nisaa, aya ya tano, Mwenyezi Mungu amekataza wasiokamilika akili wasikabidhiwe mali wakaipoteza. Kisha akaamrisha walishwe na wavishwe katika mali hiyo, na waambiwe maneno mema. Angalieni, ndugu: maneno mema yametajwa pamoja na chakula na nguo. Nyumba zetu nyingi hutoa viwili vya kwanza na kukizuia cha tatu. Mgonjwa hulishwa, lakini huitwa mwendawazimu mbele ya watoto. Na katika Sahih ya Muslim imepokewa kuwa mwanamke mmoja wa Madina, ambaye akili yake ilikuwa na kasoro, alimwendea Mtume akiwa na haja, naye akamwachia achague njia anayoipenda, akasimama naye huko mpaka haja yake ikaisha. Hakumfukuza, wala hakumtuma mtu mwingine.

Upole pasi na ilimu hautoshi. Watu wa nyumbani wajue kuwa dawa hizi huchukua wiki kadha kabla ya nguvu yake kuonekana. Kuwa mgonjwa akipata nafuu si alama ya kuziacha. Na kuwa usingizi mwingi au kutetemeka mikono ni mambo ya kumwambia tabibu, si ya kumfanya mtu atupe vidonge chooni. Wajue pia kuwa ugonjwa hupiga hodi kabla ya kurudi: mtu hakosi kukesha, kujitenga, au kuanza kuwashuku nduguze. Atakayeona hayo mapema ni yule anayekula naye.

Ama saumu, aliyetokwa na akili hana dhambi ya kutofunga, kwani kalamu imeondolewa juu yake. Mwenye akili zake lakini yuko katika dawa ni mgonjwa kama mgonjwa mwingine, na ruhusa yake imo katika Qur'ani. Tabibu aweza kuziweka dawa nyingine wakati wa futari na daku. Nyingine hazikubali, na iko moja, lithiamu, ambayo huweza kumdhuru mtu aliyepungukiwa na maji mwilini. Swali hili aulizwe tabibu kwanza, kisha maalim.

Kijana yule amerudi kwenye dawa. Mikono yake bado hutetemeka anapomimina chai, na mjomba hajamrudishia ufunguo wa duka. Nduguze wawili sasa hupokezana usiku ili mama apate kulala, jambo ambalo lilipasa kuanza zamani, kwani alikuwa amekesha peke yake.

Jumamosi ijayo baada ya Alasiri hatutasoma fiq-hi. Atakuja muuguzi kutufundisha habari za dawa hizi, wanaume na wanawake, na kila mmoja aulize alifichalo nyumbani kwake. Mama wa kijana amekubali kuja, nasi tumemwomba aseme yeye kwanza.