Je, Tumchangie Mmoja Tiba ya Protoni?

Katika mitaa ya Gihosha, mtu anapopatwa na ugonjwa ulioshinda hospitali za hapa, hatua ya kwanza ni kuunda kikundi cha WhatsApp. Huwekwa picha ya mgonjwa, karatasi ya daktari na namba ya Lumicash. Mwenye uwezo hutoa faranga elfu tano, asiyenazo hutuma dua. Hakuna anayeuliza maswali ya falsafa, na sidhani kama ni mahali pake. Hapa, lakini, nafasi ipo: je, tunawajibika kumtafutia mtu mmoja tiba iliyo bora na ghali kupita zote, ilhali wengi wanakosa hata ile ya kawaida? Mfano wangu ni miale ya protoni kwa wenye uvimbe wa ubongo.

Eksirei za tiba hupita mwilini kama risasi: huingia upande mmoja, hugusa uvimbe, kisha hutokea upande wa pili zikiwa zimeumiza njiani. Protoni ni chembe yenye uzito. Huenda, hupungua mwendo, humwaga sehemu kubwa ya nishati yake mwishoni mwa safari, kisha husimama. Mwaka 1946 Mmarekani Robert Wilson aliandika kwamba tabia hiyo inaweza kutumika kutibu, na mwaka 1954 mgonjwa wa kwanza alitibiwa Berkeley, California. Afrika nayo haikukaa pembeni. Kituo cha iThemba LABS, karibu na Cape Town, kilianza mwaka 1993 kuwatibu watu kwa protoni, wengi wao wakiwa na uvimbe ndani ya fuvu, kwa siklotroni iliyotumiwa pia na watafiti wa fizikia. Tiba hiyo ilisitishwa baadaye, ila nawakumbusha wanaosema kwamba mambo haya si ya Waafrika.

Kwa mtoto, tofauti ni kubwa. Ubongo wa mtoto wa miaka mitano bado unajengwa. Mionzi inayomwagika nje ya uvimbe inaweza kumpunguzia uwezo wa kujifunza, kusikia, hata kurefuka. Faida ya protoni basi haionekani siku ya kutoka hospitalini, bali miaka kumi baadaye, darasani. Kwa mtu mzima mwenye glioblastoma, aina kali ya uvimbe wa ubongo, hesabu ni nyingine: jaribio la Houston lililochapishwa mwaka 2021 halikuonyesha kwamba protoni zililinda kumbukumbu na fikra za wagonjwa kuliko eksirei za kisasa. Kwa hiyo neno “bora” halisimami peke yake. Lazima tuseme bora kwa nani.

Mwaka 2014 wazazi wa mtoto wa miaka mitano walimtoa katika hospitali ya Southampton, Uingereza, bila madaktari kujua, wakitafuta protoni. Walikamatwa Hispania, wakawekwa rumande, wakaachiliwa, na mwishowe mahakama ikaruhusu mtoto atibiwe Prague. Waingereza walibishana sana: mtoto ni wa nani, wa mzazi au wa daktari? Mimi kilichonigusa ni kitu kingine. Ugomvi ule wote ulikuwa kati ya mashine na mashine. Mzazi angeshindwa kesi, mtoto bado angepata mionzi.

Kwetu ugomvi ni kati ya kitu na hakuna. Mwaka 2022, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipoanzisha mpango wake wa Miale ya Matumaini, zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikuwa na hata mashine moja ya tiba ya mionzi, Burundi ikiwemo. Mgonjwa huenda Kigali, Ocean Road ya Dar es Salaam, au India akijaliwa. Januari 2024 Burundi ilipofunga mipaka ya nchi kavu na Rwanda, njia iliyo fupi ikafungwa nayo. Na kuwa na mashine moja si kinga: mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Mulago, ya pekee nchini Uganda, iliharibika kabisa, na wagonjwa wakangoja zaidi ya mwaka.

Hapa mpenda hesabu atasema: pesa za protoni za mmoja zingewatibu wengi Dar es Salaam, basi kumchangia mmoja ni dhuluma. Hoja hii ina nguvu, ila inadhania mfuko usiokuwepo. Aliyetoa elfu tano kwa mtoto wa jirani hakuzichukua kutoka kwa mgonjwa wa Ngozi. Bila ile picha angezitumia kwa vocha. Jirani hutoa kwa sababu ni jirani. Serikali haina jirani, na hesabu ile inaihusu yenyewe barabara: ianze na mashine ya kawaida, tena mbili, kabla ya kuota siklotroni.

Lakini anayesema maskini aridhike na eksirei amechanganya utaratibu na stahili. Utaratibu unasema kipi kitangulie. Hausemi kwamba mtoto wa Gihosha anastahili akili pungufu kuliko mtoto wa Southampton.

Kikundi nacho kina wajibu wake, na naona tunaukwepa kwa sababu ya haya. Kabla ya kuandika “protoni” kwenye tangazo, mtu amwulize daktari kama zinamfaa mgonjwa huyu. Kumchangisha mama muuza ndagala kwa matumaini ambayo daktari hana ni kumwibia, hata kama nia ni njema.

Linabaki jambo moja gumu. Mgonjwa ni mtoto, daktari amesema protoni zingemfaa, lakini michango haifiki Chennai, ambako hospitali ya Apollo ilianza protoni mwaka 2019. Inafika Ocean Road tu. Mzazi anataka kungoja, pengine kuna ndugu Kanada atatuma. Uvimbe haungoji. Ningemwambia apande basi la Kobero wiki hiyohiyo, na sisi tuendelee kuchanga nauli ya kurudi.