Bakuli Lililopungua Kimo

Masomo: Yer 18:1-6, Yer 19:1-11, Yn 20:24-29



Likizo hii nilipewa nafasi ya kutoa tafakari kwa vijana wa kwetu hapa Zuzu. Nikachukua Yeremia 18, mfinyanzi na udongo wake. Mnaijua: chombo kinaharibika mkononi, na mfinyanzi anaufinyanga upya udongo uleule. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye shahada ya falsafa, kwamba ukitubu Mungu anakurudisha kama ulivyokuwa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakapiga makofi. Baada ya sala ya kufunga, kijana mmoja alinisubiri nje chini ya mwarobaini.

Ameniruhusu nisimulie, nami nimebadilisha mambo madogomadogo asijulikane. Nyumbani walimkabidhi ada ya chuo ya mdogo wake wa kike aende kuilipa. Akaibetia. Siku nne tu, imekwisha yote. Mdogo wake akaahirisha masomo, na sasa anauza karanga stendi. Kijana ameshaungama, ameondolewa dhambi. Akaniuliza: "Frateri, nimesamehewa, hilo naamini. Sasa mbona mdogo wangu bado yuko stendi?"

Nilimjibu kitu kuhusu kumtumainia Mungu. Akasema asante, akaondoka. Alikuwa na adabu tu.

Sasa niwapeleke nyuma ya nyumba ya mjomba wangu. Mjomba ana mashine ya kukereza mbao. Siyo kazi inayomlisha, ni starehe yake ya jioni, kama wengine walivyo na bao au mpira. Mota aliitoa kwenye mashine mbovu ya kukoboa, fremu akachomelea mwenyewe. Anachokereza zaidi ni mabakuli, na mti wake ni mwarobaini, kwa sababu huku kwetu umejaa kila uani. Mbuyu je? Mbuyu unatisha kwa ukubwa, lakini mti wake ni laini kama sponji, hautoi bakuli. (Kuna mahubiri humo, ila siyo ya leo.)

Kazi yenyewe inataka subira. Gogo bichi unalikereza kwanza nene, ukuta wa bakuli uwe karibu sehemu moja ya kumi ya upana wake, halafu unaliacha miezi likauke. Kwa upepo wa Dodoma ukiliacha wazi linapasuka, kwa hiyo mjomba hulifukia ndani ya maranda yake lenyewe, kwenye mfuko wa karatasi, likauke polepole. Likishakauka limejipinda kidogo. Ndipo unalirudisha kwenye mashine na kulimalizia. Unavaa miwani na barakoa, maana vumbi la mwarobaini linawasha koo. Patasi unaiegemeza kwenye chuma, unaisogeza taratibu, na mti unazunguka mbele yako kwa kasi hadi huoni tena fundo wala ufa, unaona umbo tu.

Jumamosi iliyofuata mjomba aliniachia bakuli lililokuwa limekauka tangu likizo iliyopita. Nilikuwa nafikiria lile swali la yule kijana, mkono ukateleza. Patasi ikanasa. Kishindo kimoja, na kipande cha ukingo kikaruka hadi kwenye banda la kuku.

Nikazima mashine. Nikatafuta gundi. Nilishawahi kusikia kwamba vumbi la mbao ukilichanganya na gundi linaziba pengo, nikaanza kuchanganya. Mjomba akanitazama muda, mwishowe akasema:

"Frateri, hapo unaficha, hutengenezi. Mti ukishaondoka umeondoka."

"Kwa hiyo nilitupe, mjomba?"

"Nani kasema utupe? Shusha ukingo wote ufike hapo ulipokula."

Yaani bakuli zima lipungue kimo. Nilipoteza karibu vidole viwili vya mti mzuri. Iliniuma kuona maranda yakimwagika, mti ambao haukuwa na kosa lolote, unaondoka kwa sababu ya uzembe wangu wa sekunde moja. Lakini nilipofika chini ukingo ukawa mmoja. Tukalipaka nta ya nyuki. Mama analitumia kuwekea mlenda.

Usiku ule nilifungua tena Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 25, kifungu cha 4. Mt. Tomaso wa Akwino anauliza kama Mungu anaweza kufanya jambo lililokwisha kutokea liwe halikutokea. Darasani niliona ni mchezo wa akili wa watu wasio na shamba la kulima. Jibu lake ni hapana. Siyo kwamba nguvu za Mungu zina mpaka, ila kusema kitu kilitokea na hakikutokea ni maneno yanayojipinga, hayabebi kitu. Anaongeza kwamba Mungu anaweza kumponya kabisa mtu aliyeanguka. Ila kwamba alianguka, hilo haliondolewi.

Nilikaa pale na tochi ya simu, nimeona aibu. Wale vijana niliwapa gundi na vumbi la mbao.

Na Yeremia mwenyewe angenisahihisha kama ningefunua ukurasa mmoja mbele. Sura ya 18 udongo bado ni mbichi. Sura ya 19 nabii ananunua gudulia lililokwisha kuchomwa, analivunja mbele ya wazee, na Bwana anasema halitengenezeki tena. Hata katika sura ya 18, angalieni vizuri: mfinyanzi anafanya chombo kingine. Siyo kile cha kwanza.

Katekisimu, namba 1459, inasema wazi kwamba ondoleo linafuta dhambi lakini halinyoshi kila kilichopindishwa na dhambi, aliyeiba arudishe. Na Bwana wetu, siku ile ya milango iliyofungwa, aliingia na mwili mtukufu usioweza kufa tena, lakini mashimo ya misumari yalikuwepo. Kifo kimeshindwa, naye bado ana alama za Ijumaa. Mtume Tomaso alizijua hizo alama, akamwita Mungu wake.

Nilimtafuta yule kijana nikamwomba radhi. Nikamwambia: mwaka wa mdogo wako haurudi, na Mungu hatajifanya haukupotea. Swali lililobaki ni wewe unashusha nini. Alinyamaza. Siku ya pili akaniambia ameuza simu yake kubwa amebaki na kitochi, na kila jioni anatoa sehemu ya hela ya bodaboda anampa mama yake amtunzie ada. Safari ya kwenda na wenzake Dar ameifuta. Mbele ya wazazi alimwambia mdogo wake kweli yote, maana mwanzoni alidanganya kwamba aliibiwa.

Binti hakujibu. Alichukua ndoo akaenda kuchota maji, na hadi leo hajasema kama amemsamehe. Mimi simlaumu. Muhula mpya unakaribia na hela bado haijatimia. Leo usiku naomba msali Salamu Maria moja kwa ajili yake yeye kwanza, halafu moja kwa ajili ya kaka yake.