Hukumu Itolewayo Usiku



Akaaye Mbaha, au popote katika ufuko wa Ziwa Nyasa, anajua kwamba si kila kazi ya usiku ni ya wizi. Wavuvi wa usipa huingia ziwani gizani na taa zao, na kunapokucha watu hupata kitoweo. Lakini shauri la mtu na jirani yake tumezoea kulisikiliza mchana, mbele ya watu. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba katika miji mikubwa ziko mahakama za jinai zinazoketi usiku, twashtuka. Je, hiyo ni haki?

Mji wa New York, Marekani, ulianzisha mahakama ya namna hiyo mwaka 1907. Kabla ya hapo, aliyekamatwa baada ya mahakimu kuondoka alikuwa na njia mbili: kulala mahabusu, au kumlipa mfanyabiashara wa dhamana. Mwenye fedha alirudi kwake, maskini alibaki ndani, na wote wawili walikuwa hawajahukumiwa. Hata leo hakimu huketi huko tangu saa 11 jioni hadi saa 7 usiku. Mshtakiwa husomewa mashtaka akiwa na wakili, na huamuliwa kama aende zake akaingoje kesi. Mlango u wazi. Yeyote aweza kuingia na kusikiliza.

Kwetu Afrika Mashariki hatuna desturi hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiisha mahakama imefungwa, hungoja siku ya mahakama inayofuata. Basi aliyekamatwa Ijumaa jioni aweza kukaa ndani hata Jumatatu. Kibarua hupoteza kazi yake. Na mama aliyeacha mtoto mchanga nyumbani, ni nani atakayemnyonyeshea?

Lakini Nairobi iliona pia giza la namna nyingine. Mwaka 1986 na 1987 wengi walioshtakiwa kuwa wa kundi la Mwakenya waliletwa mahakamani baada ya saa za kazi, bila wakili, wakiwa wametoka kuteswa Nyayo House. Walikiri, wakafungwa, na watu walikuwa wameshakwenda majumbani.

Basi tusiitazame saa tu. Tuulize: hakimu yu macho kwa ajili ya mshtakiwa, au kwa sababu watu wamelala? Wasomao Injili ya Marko wanajua kwamba Nabii Isa a.s. alikamatwa usiku na kushtakiwa usiku ule ule nyumbani kwa kuhani mkuu, Petro akiota moto uani. Nayo Mishna ya Wayahudi inataka kesi ya mauti isikilizwe mchana na kuamuliwa mchana.

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Maida, inaamrisha kwamba hata kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu. Na imepokewa katika Sunan Abu Daud kwamba Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alikuwa akihutubia, mtu mmoja akasimama mbele ya kadamnasi akauliza: jirani zake wamekamatwa kwa kosa gani? Hakujibiwa. Akauliza tena, wala hakujibiwa. Baadhi ya wafafanuzi wanasema kimya kile kilimpa aliyewakamata nafasi ya kutaja sababu, kama anayo. Yule mtu hakunyamaza. Ndipo Mtukufu Mtume s.a.w. akaamuru jirani zake waachiliwe.