Kijana Wenu Akiomba Kwenda Kuishi na Maskini



Kila mwaka, karibu na wakati ambapo vijana wetu wa kidato cha nne wanamaliza mitihani yao, vijana wa Australia nao huaga shule za upili. Wengi, wenye umri wa miaka 17 au 18, humiminika Gold Coast na miji mingine ya pwani kwa siku za starehe ziitwazo Schoolies, ambako pombe huwa haikosekani. Lakini shule kadhaa za Kikatoliki huko zimewafungulia njia nyingine. Anayetaka hujiunga na kikundi kinachokwenda kukaa wiki mbili au tatu na watu wa nchi maskini zaidi, kama vile Timor ya Mashariki, Kambodia, Fiji au Ufilipino. Huko husali na wenyeji, hula wanachokula wao, na jioni hukaa pamoja kutafakari waliyoyaona.

Fikirieni Timor ya Mashariki. Kutoka Darwin hadi Dili ni safari fupi ya ndege, lakini maisha ya pande hizo mbili yametengana sana. Watimor walipiga kura ya kujitawala tarehe 30 Agosti 1999, mji wao ukachomwa moto, wakapata uhuru tarehe 20 Mei 2002. Uchunguzi wa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wao walio chini ya miaka 5 wamedumaa kwa lishe duni. Hata hivyo, Papa Fransisko alipoadhimisha Misa Tasitolu mwezi wa Septemba 2024, walikusanyika watu wapatao 600,000, karibu nusu ya taifa zima. Kijana aliyekwenda akidhani anawapelekea Mungu, huwakuta wanaye tayari.

Mtauliza, haya yatuhusu nini sisi wa Kenya? Yatuhusu. Parokia zetu zimewapokea vijana wa namna hiyo kutoka ng'ambo. Na mtoto wenu naye, amalizapo shule, aweza kuja mezani na kusema anataka kwenda na kikundi cha vijana Turkana, au Sudan Kusini. Hapo ndipo nyumba nyingi hugawanyika. Mama aogopa maradhi na hatari za njiani. Baba ahesabu nauli na kukumbuka karo ya chuo. Mtoto naye, akishaona ufa huo, hupita katikati yake: humwendea mama kwa machozi na baba kwa hoja. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Someni Injili ya Luka, sura ya 2, kuanzia aya ya 41. Yesu alikuwa na miaka 12 alipobaki Yerusalemu. Wazazi wake hawakupoteza muda kulaumiana ni nani aliyepaswa kumwangalia. Walirudi wawili, wakamtafuta siku tatu. Na walipomwona, Maria aliyesema kwa niaba ya wote wawili alimtaja Yosefu kwanza, kisha akajitaja mwenyewe. Basi, kabla ya kumjibu mtoto, zungumzeni ninyi wawili chumbani mwenu. Mama aseme hofu yake bila kuchekwa. Baba ataje hesabu yake bila kuitwa bahili. Kisha mpeni mtoto jibu moja, kwa sauti moja.

Katika mazungumzo hayo, ulizeni maswali ya kweli. Je, ni nani aliyewaalika? Kikundi kinachokwenda bila mwaliko wa padre au jumuiya ya huko chakwenda kutazama watu. Je, watafanya kazi gani? Ikiwa ni kupaka rangi ukuta ambao fundi wa kijiji angeupaka vizuri zaidi na kupata riziki yake, msaada uko wapi? Je, watatembelea makao ya mayatima? Hapa muwe waangalifu sana. Huko Kambodia imeonekana kwamba wengi wa watoto wanaokaa katika makao hayo wana mzazi angalau mmoja aliye hai. Wapo waliotolewa nyumbani kwa sababu wageni wenye fedha hupenda kuwaona. Hapa kwetu serikali ilisitisha usajili wa makao mapya mwaka wa 2017, na mwezi wa Desemba 2019 Umoja wa Mataifa ulizihimiza nchi zote kuzuia madhara ya safari hizo. Mtoto anayebebwa leo na kuachwa kesho na wageni wapya kila mwezi huumia. Familia yake ndiyo ya kusaidiwa, ili imlee.

Msikubali pia hoja ya kwamba nauli yote ingetumwa kwa maskini, yakaisha. Bikira Maria, naye msichana mdogo, hakutuma salamu kwa Elizabeti. Alipanda milimani, akakaa miezi kama mitatu, kisha akarudi kwao. Injili haitaji zawadi aliyobeba. Yataja kwamba alikaa. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijana anayekubali jembe, na kukubali kufundishwa kulishika, amekwisha kujifunza. Anayerudi na picha tu, na kushukuru kwamba yeye si kama wale, amerudi na sala ya yule Farisayo.

Lakini, wapenzi, shule ya kwanza ya upendo ni nyumba yenu. Mtoto atalialiaje maskini wa mbali ikiwa msichana wa kazi anakula jikoni peke yake, na mshahara wake wa miezi miwili haujalipwa? Atajifunzaje kukaa na wanyonge ikiwa hajawahi kulala kwa nyanya yake mashambani, kwa kuwa baba anadharau kwa kina mama, au mama hataki kusikia habari za kwa kina baba? Mlipofunga ndoa, kila mmoja aliingia katika ukoo wa mwenzake na umaskini wake. Safari hiyo mtoto huiona kila siku.

Basi usiku wa leo, watoto wakishalala, jiulizeni: ni mtu gani maskini ambaye mtoto wetu anamfahamu kwa jina, kwa sababu ametuona sisi tukimheshimu? Mkimpata, mruhusuni kijana wenu kwenda kwa amani, nanyi mumbariki kwa mikono minne. Mkikosa, anzeni safari hiyo ninyi wawili kesho asubuhi, hapo hapo langoni penu.

Mungu azibariki ndoa zenu.