Sura ya Faru katika Noti

Bwana wetu alipoulizwa habari ya kodi alitaka aonyeshwe dinari, akawauliza sura iliyo juu yake. Basi itazameni noti ya Tanzania ya shilingi 5,000: yuko faru. Mwaka 1970 faru weusi wa Afrika walikadiriwa kuwa 65,000. Mwaka 1995 hawakufika 2,500, maana waliuawa kwa ajili ya pembe. Na mwindaji mwizi hulipwa kwa noti zenye sura ya mnyama yule yule! Je, Mkristo aweza kutoa sadaka kwa fedha hiyo? Adamu aliwekwa bustanini awe mlinzi, si mchuuzi. Huko Mkomazi, karibu na milima ya Upare, faru walikwisha. Mwaka 1997 wakaletwa wengine kutoka Afrika ya Kusini, nao wamezaa.