Nafsi ya Kwanza

Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa kikundi cha kuweka na kukopa si mbali na Rulenge, wilayani Ngara, mwezeshaji kutoka mjini alimsimamisha mwanamke wa rika la mama yake. Mama huyo alikuwa ameeleza kwa nini hajarejesha mkopo: shamba lake la migomba limekwisha kwa mnyauko. "Mama," mwezeshaji akasema, "tatizo si migomba, tatizo ni mtazamo wako. Kaa kimya dakika kumi kila asubuhi, tafakari, chagua kuwa chanya." Mama akajibu, "Ahsante, mwanangu," akaketi. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na hasira ya siku ile ninayo hadi leo.

Ninayo zaidi kwa sababu mimi mwenyewe ni mtu wa kutafakari. Kila alfajiri hukaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Maana ya kutafakari tuichukue ile iliyozoeleka, kutuliza akili na kuiangalia inavyokwenda. Hatutagombana juu ya hilo. Ninachokijua ni kwamba fikra ikija, mtu aliyetulia huiona ikija, na kati ya kuiona na kuifuata pana upenyo. Mtazamo, kama kweli huchaguliwa, huchaguliwa hapo.

Wapo wanaosema kutafakari ni uvivu. Waje tulime pamoja baada ya hapo. Wapo wanaosema mwenye sonona apelekwe hospitali kwanza, nao wamesema kweli.

Hoja inayonikosesha usingizi ni ile ya mwezeshaji: kwamba ikiwa mtazamo huchaguliwa, basi anayeona giza amelichagua. Watu huitamka kama vile wamepiga hesabu. Lakini kuweza kuchagua si sawa na kuwa umechagua. Mimi ninaweza kujifunza kuogelea. Nikizama mto Ruvubu kesho, nani atasimama kwenye matanga aseme nilichagua kuzama? Tena giza la mama yule lina migomba ndani yake. Mnyauko ulibainika Kagera mwaka 2006. Bakteria wake hubebwa na wadudu wanaotua kwenye ua la dume, na hubebwa na panga lililokata mgomba mgonjwa. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukikata shina hutoka ute wa njano. Mama aliyaona yote haya, mgomba baada ya mgomba. Katika mkutano ule, asiyetazama alikuwa mwingine.

Na hata tukimwachia mwezeshaji hayo yote, bado amekosea nafsi. Marcus Aurelius, mfalme wa Roma, aliandika kitabu chake cha tafakuri katika miaka ya vita na tauni. Jina la Kigiriki ambalo kitabu hicho kimepokewa nalo lina maana ya "kwa nafsi yake". Kila "wewe" anayekemewa mle ndani ni mfalme mwenyewe. "Ninachagua kutazama hivi" ni kauli ya mtu aliyepigana na moyo wake usiku kucha. Ihamishe iwe "chagua kutazama hivi", umwambie mdaiwa mbele ya wenzake, na kwa maneno yale yale umetoa hukumu.

Halafu hili neno chanya. Tumelitoa kwenye hesabu tukalivika roho, na mwenzake tukamwita hasi. Muulize mfugaji yeyote wa Biharamulo kuhasi ni nini, atakuonyesha maksai! Ndivyo tunavyowaita wenye huzuni siku hizi. Mimi ninapenda zaidi neno la majirani zetu wa Rwanda na Burundi, kwizera. Ndilo jina la redio iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi. Mwaka mmoja kabla, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walikuwa wamevuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja, huku mto Kagera chini yao ukibeba maiti. Kwizera ni kuamini, kutumaini. Ni kitenzi: kazi ya kuianza upya kila unapoamka. Redio ile ilitangaza, pamoja na mengine, ujumbe wa watu waliokuwa wakitafuta ndugu zao. Hakuna aliyeambiwa kwamba nduguye amepotea kwa sababu ya mtazamo.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Aliyenifundisha kutafakari alikuwa rafiki, na neno lake la kwanza lilikuwa "kaa". Nafsi ya pili, tena kwa amri. Mbona sikumkasirikia? Labda ni kwa kuwa alikaa nami, siku tisa, baada ya kumzika baba. Labda ni kwa kuwa sikuwa na deni lake. Nikijaribu kutunga kanuni ya nani anaruhusiwa kumwambia nani "tulia, tazama tena", kila ninayoitunga inavunjika: wageni wameniponya kwa neno moja, na ndugu wa damu wamenijeruhi kwa neno lilelile. Inawezekana pia kwamba mama yule, akiwa peke yake, hukaa kimya kila asubuhi zaidi kuliko mimi, na "ahsante" yake ilitoka huko. Sikumuuliza.

Kwa mwezeshaji, nina ombi moja. Mwezi ujao ukirudi Rulenge, njoo na chupa ya jiki ya kusafishia mapanga na kijiti chenye panda cha kung'olea ua la dume, kisha umwombe mama akuonyeshe shamba lake.