Jani Lisilochoma Mwenzake

Kule Kelantan na Terengganu, kwenye pwani ya mashariki ya Malaysia, wachongaji Wamalayu wako na kanuni moja inayotushika: shina la ua lazima litoke mahali, na mahali pale pafichwe nyuma ya jani. Kisha shina linapanda, linajikunja, na ncha yake inainama ili isichome jani la jirani.

Sisi tuliozoea sanamu za Baluba, zenye uso na macho, tunauliza: hiyo ni adabu ao ni mapambo tu? Jani halina dhambi, kweli. Lakini tuangalie kazi yenyewe. Mbao ya cengal ni ngumu. Fundi akitoboa mno, itavunjika. Akitoboa kidogo mno, hewa na mwanga havipite juu ya mlango. Nafasi tupu nayo inapimwa, sawa vile jani.

Siku hizi mashine inakata jani lile lile mara mia, wala halichomi kitu. Kwetu sisi hiyo si adabu: mashine haikuwa na uwezo wa kufanya vingine. Nik Rashiddin Nik Hussein, fundi wa Kelantan aliyefariki mwaka 2002, alikuwa anakusanya vipande vya zamani na kusoma humo mkono wa wazee.